UA LA MANJANO LA KITALE NA BUNGOMA

Yafuatayo ni mazungumzo kwa wakulima na wafuga nyuki.



Mvua zinapoelekea kwisha, maua ya manjano huonekana kando ya njia za Kitale na Bungoma, na katika malisho ambayo hayajalimwa. Wengi hupita bila kuyatazama. Wengine huyafyeka wakiyaita magugu. Lakini mmojawapo wa mimea hiyo ni mwenyeji halisi wa nchi hii. Wataalamu huuita Guizotia scabra, nao ni wa jamii ya alizeti.

Huenda mtu akauliza, gugu lina faida gani? Ndugu yake wa karibu hulimwa Ethiopia tangu zamani kwa jina la nug, na mbegu zake hukamuliwa mafuta ya kupikia. Tena mimea hiyo inapochanua baada ya mvua, nyuki wa huko hupata chakula tele, na wenye mizinga huvuna asali. Kitale nayo yajua thamani ya mimea ya porini. Kampuni ya Mbegu ya Kenya ilianzishwa huko mwaka 1956 ili kuzalisha mbegu za malisho, na nyasi ziitwazo Nandi setaria, zilizokuwa za porini, zimekuwa chakula cha ng'ombe wa maziwa.

JINSI YA KULITAMBUA

Yapo maua mengi ya manjano, na ni rahisi kukosea. Kwanza, yatazamwe majani. Majani ya ua hili huota mawili mawili yakielekeana, ni marefu na membamba, hayana vikonyo, bali hushikana na shina lenyewe. Yakipapaswa hukwaruza mkono. Na neno scabra katika Kilatini maana yake ni yenye kukwaruza. Pili, zitazamwe petali za pembeni: ni chache, na ncha ya kila moja ina meno matatu madogo. Tatu, zitazamwe mbegu: ni nyeusi, laini, wala hazina miiba.

Alama hiyo ya tatu ndiyo ya kutegemewa kuliko zote. Kishona nguo ni wa jamii hiyo hiyo, lakini mbegu zake zina miiba inayoshika nguo. Alizeti mwitu inayopandwa kuwa ua wa boma ni mmea mwingine kabisa. Hiyo ilitoka Mexico, ni kichaka kirefu, maua yake ni makubwa, na majani yake yana vikonyo na aghalabu hugawanyika kama vidole. Majani hayo ni mbolea nzuri, lakini mmea huo si mwenyeji.

JINSI YA KULIOTESHA

Mbegu zichumwe vichwa vya maua vikiisha kukauka na kuwa vya kahawia. Vikung'utwe ndani ya mfuko wa karatasi, na mbegu ziwekwe mahali pakavu. Zichumwe kutoka mimea mingi, na nyingine ziachwe zianguke pale pale. Mimea ya aina hii huhitaji unga wa ua wa mmea mwingine ili izae vizuri. Kwa hiyo mche mmoja ulio peke yake hautoshi.

Mvua zinapoanza, udongo ulainishwe, mbegu zinyunyizwe juu na kufunikwa kwa udongo mwembamba tu. Miche ikisongamana ipunguzwe, na majani mengine yang'olewe mpaka ipate nguvu. Mizizi yake huishi mwaka hadi mwaka.

Lakini mkulima na ajihadhari: ua hili likiingia katika mahindi, ni gugu kweli, na halina budi kung'olewa. Mahali pake ni mpakani, kando ya mtaro na karibu na mizinga.

Siku hizi mashamba hulimwa mpaka ukingoni mwa barabara, na kinachobaki hufyekwa kabla ya kuzaa mbegu. Mmea usiozaa hauna mrithi. Na nyuki wanaolishwa na ua hili ndio hao hao wanaozuru maboga na alizeti za shambani. Wakikosa chakula, mkulima naye hupungukiwa. Ukanda mwembamba ukiachwa bila kufyekwa mpaka mbegu zianguke, hasara yake ni ndogo. Wahenga walisema, akiba haiozi.