Nilishinda Mdahalo kwa Hoja Mbovu

(Mazungumzo haya yalitolewa na mwelimishaji afya wetu kwa wanafunzi wa sekondari, saa chache kabla ya mdahalo wao wa habari za sayansi na teknolojia. Tumeyachapa karibu kama alivyoyasema.)

   

Nimeambiwa jioni mna mdahalo. Nimefurahi, maana hata mimi nilikuwa bingwa wa midahalo. Nikisimama tu na kusema "Mheshimiwa mwenyekiti", ukumbi unashangilia. Leo nataka kuwasimulia mdahalo mmoja nilioshinda, na kwa nini mpaka leo unaniuma.

Ilikuwa mwaka 2018, nipo kidato cha nne. Mwaka ule Tanzania ilianza kutoa nchi nzima chanjo ya HPV kwa wasichana wa miaka 14. HPV ni kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana, na aina zake chache ndizo zinazoleta saratani, au kansa kama wengi tunavyosema, ya mlango wa kizazi. Mada yetu ikawa: "Chanjo hii ina faida kuliko hasara." Mimi nikapewa upande wa kupinga.

Silaha zangu zilikuwa tatu. Kwanza, ujumbe wa simu uliosema kuna msichana alichanjwa, kisha hakuona siku zake miezi miwili. Pili nikauliza, "Kwa nini wasichana tu?" Tatu nikauliza, "Kwa nini bure? Lini mtu alikupa cha bure bila nia yake?" Jamani, makofi! Upande wa kuunga mkono walikuwa na takwimu, lakini walizisoma kwa sauti ya chini kama watu wanaosali. Tuliwagaragaza.

Mdogo wangu wa kike alikuwa ukumbini. Yupo kidato cha kwanza, ana miaka 14. Siku wauguzi walipofika, akasema ana homa, akabaki bwenini. Hakuchanjwa.

Miaka ikapita, nikaingia chuo kikuu. Siku moja nikausimulia ushindi wangu darasani kwa majivuno. Mwalimu akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza swali moja tu: "Huyo msichana aliyekosa siku zake, ulimlinganisha na nani?"

Sikuwa na jibu.

Hebu tulifikirie swali hilo pamoja. Chukua mfano wa kubuni. Shule ina wasichana 200. Mia moja wamechanjwa, mia moja hawakuchanjwa. Mwezi unaofuata, 12 kati ya waliochanjwa siku zao zinavurugika. Habari ikitoka hivyo inatisha: "Wasichana 12 waharibikiwa baada ya chanjo!" Lakini nenda kwa wale mia wengine. Ukikuta nao ni 12, utasema nini? Chanjo haikuongeza kitu. Katika umri wenu siku kuvurugika ni jambo la kawaida. Kichwa kuuma na uchovu pia. "Baada ya" na "kwa sababu ya" si ndugu. Jogoo huwika kabla ya jua kutoka, lakini si yeye anayelitoa.

Msidhani ni sisi tu tuliochanganya mambo hayo. Yaliwapata hata Wajapani, watu wenye vyuo vikubwa na hospitali za kila aina. Mwaka 2013 televisheni na magazeti yao yalionyesha wasichana waliopata maumivu makali, wengine wakitetemeka na kushindwa kutembea baada ya chanjo ya HPV. Wale wasichana waliumwa kweli, wala hawakuwa wanaigiza. Mwezi Juni mwaka huo huo serikali ikaacha kuwahimiza wazazi. Uchanjaji uliokuwa umefika kama asilimia 70 ukashuka chini ya asilimia 1.

Ndipo mji wa Nagoya ukauliza lile swali la mwalimu wangu. Mwaka 2015 ukawapelekea maswali wasichana na wanawake vijana, na karibu 30,000 wakajibu. Waliulizwa juu ya dalili 24: maumivu, uchovu, siku kuvurugika na nyinginezo. Kisha waliochanjwa wakalinganishwa na wasiochanjwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yakaonyesha kwamba dalili hizo hazikuwazidi waliochanjwa. Walikuwa wanaugua wa pande zote mbili, ila televisheni iliuonyesha upande mmoja.

Serikali ya Japani ilirudi kuhimiza chanjo mwaka 2022. Miaka tisa ilikuwa imeshapita. Mwaka 2020 wataalamu walikadiria kwamba kwa sababu ya kusimama huko, wanawake zaidi ya 5,000 katika rika lile watakuja kufa kwa saratani ambayo ingezuilika. Hiyo ndiyo bei ya kutouliza "ukilinganisha na nani?" mapema.

Sasa, mtaniambia, "Kaka, kwa hiyo tusibishe? Kila wanachosema wataalamu tuitikie amina?" Hapana! Bisheni. Sayansi yenyewe inakua kwa kubishana. Daktari wa Ujerumani, Harald zur Hausen, aliposema kirusi cha HPV ndicho kinacholeta saratani hii, wengi walimpinga. Hakuwashinda kwa kupaza sauti. Yeye na wenzake waliendelea kutafuta mpaka wakakikuta ndani ya uvimbe wenyewe: aina ya 16 mwaka 1983, na ya 18 mwaka 1984. Aina hizo mbili huleta kama asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi. Mwaka 2008 akapewa tuzo ya Nobel.

Na si huko Ulaya tu. Zamani chanjo hii ilikuwa dozi tatu, baadaye mbili. Watu wakabisha: je, moja haitoshi? Swali hilo lilipelekwa, pamoja na kwingineko, hapa kwetu Mwanza. Wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine dozi moja, wengine mbili, wengine tatu. Baada ya miaka miwili, karibu wote wa dozi moja bado walikuwa na kinga mwilini dhidi ya aina ya 16 na ya 18. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali dozi moja itumike, na mwaka 2024 Tanzania ikahamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Huo ndio ubishi wenye faida, bwana!

Basi jioni ya leo, kila mtu akileta habari ya sayansi, iwe ya chanjo, ya simu au ya dawa mpya, muulizeni haya:

1. Nani kasema, naye amejuaje?
2. Ni wangapi, kati ya wangapi?
3. Ukilinganisha na nani?
4. Ni kitu gani kingekufanya ubadili mawazo? Akijibu "hakuna", huyo hajaja kujadiliana, amekuja kushinda. Kama mimi.

Na zile silaha zangu nyingine? Kwa nini wasichana tu? Kwa sababu mlango wa kizazi wanao wao, na ndio wanaokufa zaidi. Nchi nyingine, kama Australia na Uingereza, huchanja na wavulana. Kwa nini bure? Hata ya surua na ya polio tulipewa bure, wala hatukuuliza. Madhara je? Yapo: mkono kuuma, homa kidogo, wengine kizunguzungu au kuzirai. Ndiyo maana unaambiwa ukae dakika 15 kabla ya kuondoka. Mzio mkali hutokea mara chache sana. Na inafanya kazi? Nchini Sweden walifuatilia wasichana na wanawake zaidi ya milioni 1.6. Waliochanjwa kabla ya miaka 17 walipata saratani hii kwa asilimia 88 pungufu kuliko wasiochanjwa. Mmeona? Wamelinganisha.

Nimalizie kwa mdogo wangu. Nilimwomba radhi. Akanitazama, akasema, "Kaka, ulishinda wewe, lakini mwili ulikuwa wangu." Ameshavuka umri wa mpango wa serikali. Si kwamba amehukumiwa kuugua, maana mara nyingi mwili hukiondoa kirusi hiki wenyewe. Lakini itambidi asikose kupimwa umri wake ukifika. Na nyinyi waambieni mama zenu wenye miaka 30 na zaidi waende kituo cha afya kupimwa mlango wa kizazi. Ni kipimo cha dakika chache tu.

Ukumbini jioni mtapiga makofi, na ni haki yenu. Ila kumbukeni kuna wadogo zenu wamekaa nyuma wanasikiliza, na kesho wataamua kwa maneno yenu.

 Haya, maswali! Na mkinibisha, nileteeni ulinganisho.