Gari Dogo la Chama: Hesabu Kwanza, Rangi Baadaye

(Mazungumzo ya Mkuu wa Karakana ya Chama Kikuu katika semina ya Makatibu na Wajumbe wa Kamati za vyama vya msingi.)



Nimeombwa nizungumze juu ya ununuzi wa gari dogo la petroli lililokwisha kutumika, la kumwezesha Katibu kufika benki, maghalani na katika mikutano. Jambo hili laonekana dogo. Lakini fedha itakayotumika ni ya mkulima, iliyokatwa katika kilo zake. Kosa la Kamati hulipwa na mtu ambaye hakuwapo siku gari lilipochaguliwa.

Nami naanza kwa kosa langu mwenyewe. Chama kimoja kilinituma kukagua magari mawili. La kwanza lilipakwa rangi mpya na bei yake ilikuwa nafuu. La pili lilikuwa na mkwaruzo mlangoni. Tulipofika, la kwanza lilikuwa limekwisha kuwashwa, injini imepata moto. Nikalisikiliza, likanguruma vizuri, nikashauri linunuliwe. Haikupita miezi minne gia zikagoma. Fedha ya matengenezo ilizidi ile tuliyodhani tumeiokoa. Tangu siku hiyo sikagui gari kabla sijagusa boneti kwa mkono. Ikiwa na moto, narudi kesho.

Sasa tuchukue mfano wa magari mawili yanayoonekana sana katika barabara zetu: Toyota Passo ya umbo la kwanza, lililotoka Japani mwaka 2004, na Toyota Vitz ya umbo la pili, lililotoka mwaka 2005. Tuseme Passo ina injini ya sentimita za ujazo 996, yenye silinda 3, na Vitz ina injini ya 1,296, yenye silinda 4. Msilinganishe bei tu. Linganisheni kazi.

Kwanza, mafuta. Injini ndogo hunywa kidogo mjini. Lakini ikibebeshwa watu wanne na kupandishwa mlima, hulazimika kukazana, na faida yake hupungua. Kwa hiyo pimeni wenyewe. Jazeni tangi, mwende njia ile ile, watu wale wale, kisha mjaze tena katika pampu ile ile na kugawa kilomita kwa lita. Kwa mfano wa hesabu tu, gari linalokwenda kilomita 16 kwa lita litahitaji lita 62.5 kwa kilomita 1,000. Linalokwenda kilomita 12.5 litahitaji lita 80. Ikiwa chama huenda kilomita 1,000 kila mwezi, tofauti ni lita 17.5, na kwa miaka 3 ni lita 630. Zizidisheni kwa bei ya petroli ya kwenu, ndipo mtazame tofauti ya bei za magari.

Pili, injini. Silinda 3 hutetema kidogo gari likiwa limesimama. Hiyo ni tabia yake, si ugonjwa. Ugonjwa ni kelele ya mnyororo asubuhi isiyonyamaza, oili nyeusi nzito kama lami chini ya kifuniko, au moshi wa buluu. Moshi mweupe usiokoma baada ya injini kupata moto huashiria maji kuingia ndani.

Tatu, gia. Passo hiyo yenye gia za kujibadili ina ngazi 4. Vitz hiyo mara nyingi ina mtambo usio na ngazi, uitwao CVT, unaohitaji mafuta yake maalumu; ukitiwa mafuta mengine huharibika. Liondosheni gari taratibu kilimani. Likishtuka au kutetema, ulizeni kwanza bei ya kutengeneza, si bei ya kununua.

Nne, umri na historia. Tairi ina tarakimu nne: 3518 ni wiki ya 35 ya mwaka 2018. Kanyagio lililolika na usukani uliong'aa havipatani na kilomita chache kwenye dashibodi. Kama gari lilinunuliwa mnadani Japani, ombeni karatasi ya mnada. Herufi R huonyesha gari lililopata ajali na kutengenezwa. Namba ya chasisi ifanane na ya kadi, na jina la kadi liwe la anayeuza. Kwa namba hiyo hiyo ulizeni pia kuhusu mifuko ya hewa ya Takata, maana Vitz za umbo hilo zilikuwa miongoni mwa magari yaliyoitwa kiwandani kubadilishiwa.

Ndugu zangu, haya yote yaandikwe katika karatasi moja yenye safu mbili, gari moja kila safu, yakaguliwe siku moja na fundi asiyelipwa na muuzaji. Chini yake ziandikwe jumla za miaka 3: bei, petroli, vipuri, tairi na bima. Karatasi hiyo isomwe mbele ya Kamati, itiwe sahihi na kuwekwa katika jalada.

Mwanachama akisimama katika mkutano mkuu na kuuliza kwa nini mlichagua lile lenye mkwaruzo, Katibu asijitetee kwa maneno. Afungue jalada asome.