Mpimeni Angali Mzima

Msikilizaji, hapa Ukerewe tunao vijana wengi wenye ualbino, na baadhi yao ni wachezaji hodari. Macho ya wengi wao huchezacheza tangu utotoni, na jua kali huwaumiza. Sasa mmoja agongwe kichwani uwanjani Nansio. Anayempima mtikisiko wa ubongo ataangalia macho: yametulia? Mwanga unamkera? Atajuaje kama anachokiona kimeletwa na pigo la leo, au ndivyo kijana alivyo siku zote?

Mchezaji wa soka la magongo mwenye mguu mmoja, kama wale wa timu ya taifa, Tembo Warriors, waliotuwakilisha Kombe la Dunia jijini Istanbul mwaka 2022, hawezi kupimwa kuyumba kwa kusimama miguu miwili. Kiziwi hasikii maswali ya kumbukumbu yanayosomwa kwa sauti. Vipimo vingi vilitungwa bila kuwafikiria hawa. Mwaka 2021 wataalamu wa kimataifa walitoa tamko maalumu kuhusu mtikisiko wa ubongo kwa wanamichezo wenye ulemavu, wakahimiza mchezaji apimwe kabla hajaumia.

Walimu mnaoandaa timu za UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, nawaomba daftari moja tu. Kabla ya mashindano andikeni: macho ya mtoto yakoje, anayumba kiasi gani akiwa kwenye magongo, anakumbuka maneno mangapi kati ya kumi, kichwa humuuma mara ngapi. Mzazi awepo, na mkalimani wa lugha ya alama kwa kiziwi. Mzazi ndiye atakayewahi kusema, "Huyu leo siye."

Akigongwa, mkashuku, mtoeni. Asirudi uwanjani siku hiyo, hata iwe fainali. Apumzike siku moja au mbili, kisha arejee kwa hatua, na daktari amruhusu kabla ya kucheza tena. Ila kumbukeni, kwa anayesukuma kiti cha magurudumu au kutembelea magongo, hata kwenda chooni ni kazi, na kizunguzungu kitamwangusha tena. Kupumzika kwake kunahitaji mtu wa kumsaidia pale nyumbani.

Akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kuuma, shingo ikiuma, akipata degedege au akawa mgumu kuamka, ni hospitali papo hapo. Hospitali ya Bugando iko Mwanza, ng'ambo ya maji, na meli ya kwenda huko haiondoki kila saa. Msingoje mpaka jioni mwone itakuwaje. Na daftari lile lisafiri naye, pamoja na mtu anayemfahamu.