Moshi Unakwenda Wapi?

Mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno haya matatu: OKSIJENI, OZONI, HAIDROKSILI. Someni pamoja, polepole.

Leo tunauliza swali moja. Kila jioni mjini Mwanza, kuanzia Igogo mpaka Kirumba, majiko huwashwa. Kandokando ya ziwa watu hukausha sangara kwa moshi. Magari nayo hutoa moshi wake. Ng'ombe wa Usukuma wakicheua hutoa gesi iitwayo methani. Vitu hivi hupanda angani kila siku, miaka nenda miaka rudi. Mbona anga haijajaa?

Wengine watasema, upepo umechukua. Ni kweli, lakini upepo huhamisha tu. Ukifagia takataka zako ukazitia uani kwa jirani, hazijakwisha.

Tazameni msumari ulioachwa nje. Huliwa na kutu, kwa sababu oksijeni ya hewani huungana na chuma penye maji. Tazameni dagaa waliokaa sana ghalani. Mafuta yao huungana na oksijeni, wakawa wachungu. Gesi za moshi huliwa na oksijeni vivyo hivyo. Lakini oksijeni ya kawaida ni mvivu kuanza kazi. Inahitaji mchokozi, naye ndiye haidroksili.

Haidroksili hupatikanaje? Jua kali hupiga ozoni kidogo iliyomo hewani. Kipande cha oksijeni huchomoka. Kipande hicho kikikutana na mvuke wa maji, huzaliwa haidroksili mbili. Kila moja huishi kama sekunde 1 tu, kisha huivamia gesi iliyo karibu na kuivunja. Hapo oksijeni huingia na kuendeleza kazi, hatua kwa hatua, mpaka mara nyingi ibaki hewa ya ukaa na maji. Mwaka 1971 Hiram Levy wa Marekani alionyesha kwa hesabu kwamba kazi hii hufanyika hata katika hewa ya chini tunayovuta.

Sasa fikirini. Mwanza iko karibu na ikweta, jua ni kali, na ziwa hutoa mvuke mwingi. Kwa hiyo anga ya nchi zetu za joto hufanya kazi hii kwa bidii sana. Hata hivyo kila gesi ina muda wake. Mvuke utokao kwenye majani ya miti mingi huisha kwa saa chache. Kaboni monoksaidi, gesi ya jiko la mkaa, hukaa kama miezi 2. Methani hukaa kama miaka 10.

Lakini msidhani anga husafisha kila kitu. Masizi hayaliwi upesi, hungoja mvua. Tena, penye magari mengi na jua kali, kazi hiyohiyo huzaa ozoni nyingi karibu na ardhi, nayo huumiza kifua.

Na sasa jambo kubwa la leo. Haidroksili inataka jua. Ndani ya chumba kilichofungwa usiku hakuna jua, basi hakuna wa kukusaidia. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Angani itangoja miezi 2 iliwe; wewe uliyelala na jiko la mkaa huwezi kungoja hata usiku mmoja. Watu hulala wasiamke. Kwa hiyo, mama, baba, hata kukiwa na baridi ya mvua, jiko lilale nje. Wakati wa kupika, fungueni mlango na dirisha, na watoto wachanga wakae mbali na moshi.

Maswali ya kujadili darasani:

1. Kwa nini upepo peke yake hausafishi hewa?
2. Haidroksili huhitaji vitu gani ili izaliwe?
3. Nyumbani kwako moshi wa jikoni hutokea wapi? Utabadili nini leo?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.