Swichi ya Pikipiki Inayokufa Mara kwa Mara
Mazungumzo kwa wakulima na waendesha bodaboda wa Karagwe na Kyerwa

Leo tunaweka jembe kando kidogo. Tutazungumza juu ya chombo ambacho siku hizi mkulima anakitegemea karibu sawa na jembe lenyewe, yaani pikipiki.

Kyerwa na Karagwe zilikuwa wilaya moja mpaka mwaka 2012. Zimegawanyika kiutawala, lakini vilima ni vilevile na vumbi ni lilelile. Gari halifiki kila kitongoji. Gunia la kahawa ya maganda linapelekwa chama cha msingi kwa pikipiki. Mikungu ya ndizi inapelekwa mnadani kwa pikipiki. Mama mjamzito akizidiwa usiku, anapandishwa pikipiki kupelekwa hospitali ya Nyakahanga au ile ya Isingiro. Sasa fikirini, ndugu zangu, pikipiki hiyo ikizimika mlimani saa nane za usiku, taa nazo zikazimika, itakuwaje?

Mara nyingi chanzo cha balaa hilo ni kitu kidogo tu: swichi ya ufunguo. Leo inakufa, mwenye chombo ananunua mpya. Baada ya wiki chache inakufa tena. Ananunua ya tatu, analaumu spea za siku hizi. Kweli, spea hafifu zipo madukani. Lakini swichi ikifa mara mbili au tatu kwenye pikipiki ileile, usikimbilie dukani. Jiulize kwanza: ni nini kinachoiua?

Basi tuanze na kazi ya swichi yenyewe. Ndani yake mna vipande vidogo vya shaba vilivyowekwa juu ya plastiki. Ukizungusha ufunguo, vipande hivyo vinagusana na umeme unapita. Kuna pikipiki ambazo umeme wa betri hupita kwenye swichi kwenda kwenye kisanduku cha kutengeneza cheche. Hizo, shaba ikiacha kugusana sawasawa, injini inazimika. Na kuna pikipiki ambazo cheche hutokana na koili ya injini yenyewe, bila kutegemea betri. Hizo, unapofunga ufunguo, swichi inaupeleka waya mmoja kwenye bodi, na cheche inakufa. Kwa hiyo maji yakiingia, au waya huo ukichubuka na kugusa chuma, injini haiwaki hata kama honi inalia vizuri. Muulize fundi wako pikipiki yako ni ya aina gani, maana dalili hazifanani.

Sasa tuje kwenye maadui wa swichi.

Adui wa kwanza ni vumbi na maji. Kiangazi vumbi jekundu linaingia kwenye tundu la ufunguo. Mvua zikija, linageuka tope. Na wapo vijana wanaoshusha pikipiki mtoni na kuimwagia maji kwa nguvu usoni, palepale penye swichi. Shaba inaota kutu ya kijani, na kutu haipitishi umeme vizuri.

Adui wa pili ni mzigo wa funguo. Mtu ana ufunguo wa pikipiki, wa nyumba, wa ghala, wa kufuli la baiskeli, na juu yake kipande cha mnyororo kwa mapambo. Njia ina mashimo. Rundo hilo linacheza kutwa nzima, na tundu linatanuka. Mwishowe ufunguo unachomoka wenyewe ukiwa safarini.

Adui wa tatu ni waya unaovutwa. Swichi nyingi zimefungwa mbele, karibu na usukani. Waya ukifungwa umekaza, kila unapokata kona unavutwa na kukunjwa. Nyuzi za ndani zinakatika moja moja, ilhali mpira wa nje unaonekana mzima. Dalili yake ni hii: ukigeuza usukani kushoto inawaka, ukigeuza kulia inazimika.

Adui wa nne ndiye mkubwa, naye tunamwalika wenyewe. Ni vitu vya kuongeza: taa za ziada, redio, chaja ya simu, vyote vikiungwa kwenye waya unaotoka kwenye swichi. Hapa tufanye hesabu kidogo. Chukua wati za taa, gawanya kwa volti 12, utapata ampea. Taa ya breki ya wati 21 inakula chini kidogo ya ampea 2. Ukiongeza taa mbili za wati 20 kila moja, hizo ni wati 40, umeongeza ampea 3 na zaidi. Swichi haikutengenezwa kubeba hayo yote. Shaba inapata moto, plastiki inalainika, vipande vinasogea mahali pake. Ukiifungua utaona alama ya kuungua. Ukiona alama hiyo, ujue swichi mpya nayo itakwenda njia ileile.

Haya, ugonjwa utaupima namna gani? Anza na vitu rahisi. Tazama fyuzi. Tazama vichwa vya betri kama vimelegea au vina kutu. Kisha fungua ufunguo, piga honi, shika breki utazame taa ya nyuma, huku mwenzako akitikisa usukani na ufunguo polepole. Kikikatika kitu wakati wa kutikisa, umekaribia penye ugonjwa.

Fundi mwenye mita anaweza kupima zaidi. Afungue ufunguo, taa ya breki iwe inawaka, aweke ncha moja ya mita kwenye waya wa betri unaoingia kwenye swichi na nyingine kwenye waya unaotoka. Swichi nzima itaonyesha karibu sifuri. Ikionyesha nusu volti au zaidi, shaba ya ndani ni chafu au imeungua. Apime pia betri injini ikinguruma kwa mwendo wa kati. Ikae kati ya volti 13 na nusu na 14 na nusu. Ikipita 15, kidhibiti chaji kimeharibika, na taa na betri zitaendelea kuungua.

Kwa zile pikipiki ambazo cheche haitegemei betri, lipo jaribio jepesi. Chomoa soketi ya swichi, kisha piga kiki. Injini ikiwaka, tatizo liko kwenye swichi au waya wake. Uwe tayari kuizima kwa kushika breki, kuingiza gia na kuachia klachi taratibu. Ila usichomoe betri injini ikiwa inawaka, utaharibu vifaa vingine.

Tiba ni hii. Kama shaba ina kutu tu, haijaungua, chomoa betri kwanza, fungua sehemu ya nyuma ya swichi kama ni aina inayofunguka, uisafishe kwa dawa ya kusafishia viungo vya umeme, uiache ikauke kabisa. Usitumie petroli. Kwenye tundu la ufunguo usimwage oili chafu ya injini, maana inashika vumbi na kuwa kama gundi. Saga risasi ya penseli, weka unga wake kidogo kwenye ufunguo, ingiza na kutoa mara kadhaa. Ufunguo uninginie peke yake. Waya uachiwe nafasi ya kutosha usukani ukigeuka mpaka mwisho pande zote mbili. Waya uliokatika ulehemiwe au ubadilishwe, usisokotwe tu na kufungwa kwa nailoni.

Na kama taa za ziada ni za lazima, zifungwe na rilei. Rilei inachukua umeme wa taa moja kwa moja kutoka kwenye betri kupitia fyuzi yake, na swichi inabaki kutoa amri tu. Lakini rilei haizalishi umeme. Ukipachika taa nyingi kuliko uwezo wa chaji, betri itaisha. Na fyuzi ikikatika usiweke kubwa zaidi wala kipande cha waya. Itakayoungua sasa ni pikipiki yenyewe.

Ndugu wasikilizaji, liko jambo moja la hatari ambalo tunaliona vijiweni. Swichi ikifa, kijana anaunganisha waya moja kwa moja na kuendelea na safari. Pikipiki hiyo haina ufunguo tena. Mwizi anaiwasha kama mwenyewe. Ikianguka na petroli ikamwagika, umeme haukatiki upesi.

Kwa nini anafanya hivyo? Mara nyingi ni kwa sababu jioni anadaiwa hesabu. Mwenye pikipiki ni mkulima, ameinunua kwa fedha za kahawa, anataka hesabu yake ikamilike. Kijana anaogopa kusema chombo kibovu, anaficha. Nanyi wenye vyombo, tafadhali, kaeni na madereva wenu mkubaliane: nani ananunua spea, na siku ya kwenda kwa fundi hesabu itakuwa ngapi. Wekeni daftari, mwandike tarehe ya kila swichi iliyobadilishwa na ubovu uliokutwa. Na vikundi vya bodaboda vinaweza kuchanga kununua mita moja ya pamoja.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kazi hii ifanyeni kabla msimu wa kahawa haujafunguliwa, ili mzigo usiwakute njiani, na mgonjwa wa usiku afike salama.