Leza na tezi dume: wazee wetu, msikilize hadi mwisho

Leo nataja jambo ambalo kijana hulitaja kwa shida mbele ya wakubwa: saratani ya tezi dume. Mniwie radhi, nitalisema kwa heshima.

Tezi dume ni kiungo kidogo alicho nacho kila mwanamume, chini ya kibofu. Njia ya mkojo hupita katikati yake. Saratani ikianza humo, matibabu yaliyozoeleka ni kuitoa tezi nzima au kuipiga mionzi. Yanaokoa maisha, lakini wengine hubaki wakivuja mkojo, au nguvu za kiume hupungua. Hofu hiyo ndiyo inayowanyamazisha wanaume wengi.

Basi habari ya leza ikipita kwenye simu, watu huishika haraka. Leza ipo kweli. Daktari huitazama tezi kwa picha za MRI, akaona saratani imekaa upande gani. Kisha hupitisha uzi mwembamba wa leza mpaka pale pale, na joto lake huchoma sehemu ile tu. Tezi iliyobaki haiguswi.

Huko Marekani, katika chuo kikuu cha UCLA, wanaume 8 walitibiwa hivyo kwenye utafiti wa mwanzo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Hakuna aliyepata madhara makubwa. Lakini walipopimwa tena, baadhi yao walikutwa bado wana saratani kando ya palipochomwa. Kwa hiyo tiba hii bado inachunguzwa, tena ni kwa saratani ndogo ambayo haijatoka nje ya tezi.

Sasa sikia, baba yangu. Usiuze mbuzi wala mgao wako wa chakula kwa mtu anayekuahidi kukufikisha kwenye leza. Neno kubwa katika habari hii ni moja: mapema. Hata upasuaji na mionzi ya kawaida hufanya kazi vizuri zaidi saratani ikikutwa mapema.

Nenda kituo cha afya ukiona haya: kuamka mara nyingi usiku kukojoa, mkojo kukatika-katika, damu kwenye mkojo, au maumivu ya mgongo na nyonga yasiyoisha. Si lazima iwe saratani. Tezi huvimba pia kwa umri, na hilo lina dawa. Lakini saratani changa mara nyingi haina dalili yoyote. Ukifika miaka 50, au 45 kama baba au ndugu yako wa kiume aliugua, muulize daktari kuhusu kipimo cha damu kinachoitwa PSA. Kisipokuwepo, uliza kuhusu rufaa, na utunze karatasi zako zote mahali pakavu. Ukiona aibu, omba kuhudumiwa na mganga mwanamume.

Nanyi mama zetu na vijana wenzangu: mzee akitoka nje mara nne usiku, msimcheke. Mwulizeni taratibu, na asubuhi mmoja wenu amsindikize kliniki.