Usipime Nafuu Yako kwa Nafuu ya Jirani

(Hotuba iliyosomwa na mwalimu wa shule ya msingi kambini, Siku ya UKIMWI Duniani, tarehe 1 Desemba)



Mimi si daktari, ni mwalimu. Haya nitakayosema nimefundishwa na wauguzi, na pia na msiba wa nyumbani kwangu.

Kaka yangu alianza dawa za kupunguza makali ya VVU wiki moja na jirani yetu. Baada ya miezi 3 jirani alikuwa amerudi kwenye bustani yake ya mchicha. Kaka bado alitembea kwa fimbo. Watu wakaanza maneno: huyu dawa imemkataa, huyu amerogwa. Kaka akayasikia, akaacha dawa kimya kimya. Tulipogundua, tulikuwa tumechelewa. Tulimzika hapa hapa kambini, mbali na makaburi ya wazee wetu.

Ndugu zangu, kaka hakurogwa. Wagonjwa wawili hawapati nafuu kwa mwendo mmoja, na sababu zake zinajulikana.

Kwanza, hali ya kuanzia. Jirani alipimwa mapema. Kaka alifika kliniki amekwisha konda, na CD4, yaani askari wa mwili, zikiwa chini ya 200. Mtu mwenye afya kwa kawaida huwa nazo zaidi ya 500. Dawa za siku hizi zenye dolutegravir, ambazo Shirika la Afya Duniani lilizifanya chaguo la kwanza mwaka 2019, hushusha virusi haraka; wengi hufikia kiwango kisichoonekana ndani ya miezi 3 hadi 6. Lakini askari hupanda polepole, na kwa aliyechelewa huweza kuchukua miaka. Sisi walimu tunajua: mtoto aliyeanza shule kwa kuchelewa hawafikii wenzake kwa siku moja.

Pili, magonjwa mengine, hasa kifua kikuu. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hupunguza nguvu ya dolutegravir. Ndiyo maana mgonjwa huongezewa kidonge kingine cha dolutegravir saa 12 baada ya kile cha kwanza. Asikiache akidhani wamekosea. Tena, wiki za mwanzo mwili unapopata nguvu huweza kuanza kupambana na ugonjwa uliojificha, ikaja homa au tezi zikavimba. Hapo kimbilia kliniki, usiache dawa.

Tatu, dawa zinazogongana. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu, na vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa akina mama wajawazito, huizuia dolutegravir isiingie vizuri mwilini. Imeze saa 2 kabla ya hivyo, au saa 6 baadaye. Mwambie muuguzi kila dawa unayotumia, hata ya mitishamba.

Nne, kumeza kila siku. Anayeruka siku huwapa virusi nafasi ya kuzoea dawa, na huo ndio usugu. Najua mgawo wa chakula ukipungua wengi husema, sitameza na tumbo tupu. Lakini dolutegravir humezwa hata kabla ya kula. Njaa tuipiganie kwa njia nyingine, kidonge tusikiache.

Sasa nageukia wahudumu wetu. Tunawashukuru sana. Tunaomba jambo moja: mnapotupa majibu ya kipimo, tuelezeni zile namba kwa lugha tunayoijua, faraghani, bila haraka. Kaka yangu alikuwa na karatasi mfukoni ambayo hakuielewa. Maneno ya majirani aliyaelewa vizuri.

Kwa hiyo, mwenye kuamua kama dawa inafanya kazi ni kipimo cha kiwango cha virusi, ambacho hufanywa baada ya miezi 6. Wanaokutazama njiani hawawezi kukijua. Na ambaye virusi vyake havionekani, akaendelea na dawa, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana.

Ukimwona jirani anachelewa kupata nafuu, usimhesabie siku. Msindikize kliniki. Laiti tungemfanyia kaka hivyo.